Jibini Yenye Nyota

Ukitaka kumkasirisha Léontine wa Kirolirwe, hukuhitaji tusi. Ilitosha kuinua jibini yake moja, kuinusa, na kuuliza kwa sauti ya mtu asiyesadiki, "Hii iko na siku ngapi?" Angekutazama kuanzia viatu mpaka kofia. Kisha angeipindua na kukuonyesha ubavuni tarehe aliyoichora kwa ncha ya kisu, siku na mwezi, na pembeni herufi ya mfugaji aliyeleta maziwa. Hakuna jibini iliyotoka nyumbani kwake bila siku yake ya kuzaliwa. Isiyo na tarehe, alisema, ni kama mgeni asiyetaja kwao: utamkaribisha, utampa chakula, lakini hutalala usingizi mzito.

Basi fikiria alivyochukia, akiwa na miaka ishirini na sita, kugundua kwamba mwili wake mwenyewe haukuwa na tarehe hata moja.

Halikuwa kosa lake. Alizaliwa Kibabi, kwa watu wa maharage na mihogo, na alikuwa hajatimiza miaka mitatu vita vilipopanda milimani. Mama yake alimfunga mgongoni akaelekea misitu ya Walikale. Walirudi, wakakimbia tena, wakarudi, na katika nenda-rudi hiyo nyumba iliungua na kila kilichokuwa ndani, pamoja na kile kikaratasi cha kliniki ambacho mama aliapa alikiweka chini ya godoro. Watu wengi wa Masisi wa rika lake wako hivyo. Wanajua walikimbia mara ngapi. Hawajui walichomwa sindano zipi.

Kazi ya jibini alifundishwa na mzee Léonard, jirani aliyeifanya tangu ujana wake kwenye mashamba ya ng'ombe, na mzee alipoanza kutetemeka mikono alimwachia sufuria, mbao na wateja. Ndipo alipotokea Omer. Omer alikuwa mtu wa asili ya Butembo, aliyenunua jibini vijijini na kuzipakia kwenye lori la Fuso la kukodi mpaka Sake na Goma. Siku ya kwanza hakuuliza siku ngapi. Aliipindua jibini, akasoma, akaitikia kwa kichwa, akairudisha ubaoni taratibu. Jioni Léontine alimwambia mzee Léonard, "Uyu anajua kusoma." Mzee alicheka mpaka akakohoa, maana alikuwa ameona zaidi ya kusoma.

Wakafunga ndoa. Na hapo hesabu nyingine ikaanza, ya Mama Marie.

Mama Marie, mama yake Omer, alikuwa na duka Kitshanga, sukari na sabuni mbele, vitenge nyuma, na jicho lililoweza kupima kitenge bila futi. Kila Jumapili vijana hao wawili walipopanda kwenda misa huko, jicho hilo lilishuka moja kwa moja hadi kiunoni mwa Léontine. Miezi minne, sita, kumi. Ilipofika kumi na minne, Mama Marie aliacha kuangalia na kuanza kusema.

"Mukamwana," ndivyo alivyomwita mke wa mwanawe, "chakula haikushibishe? Ao ni Omer anachoka na njia?"

Léontine alicheka, Omer akakohoa, na wali ukazungushwa tena mezani. Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa amechoka. Wawili hao walikuwa wakisubiri kwa makusudi, wakiongozwa na shanga za kuhesabu siku ambazo muuguzi wa kituo cha afya aliwapa, zile zenye rangi, siku hii ndiyo na siku hii hapana. Walizificha ndani ya kopo la chumvi. Na sababu ya kusubiri walishindwa kuitamka mezani pale, kwa kuwa ilikuwa imekaa mezani palepale, ikichezea kijiko.

Jina lake Kétsia. Alikuwa binti wa miaka mitano wa Mamie, dada mkubwa wa Omer. Mamie akiwa na mimba ya miezi mitatu alitokwa na vipele vidogo na homa isiyozidi ya mafua. Siku tatu tu, vikaisha. Nani angehangaika na vipele wakati wa kuhangaikia risasi? Lakini Kétsia alizaliwa na ukungu mweupe machoni na masikio yasiyosikia. Daktari mmoja wa Goma aliutoa ukungu ule, mtoto akaona. Masikio hayakuwa na dawa. Daktari huyohuyo ndiye aliyemwambia Mamie jina la ule ugonjwa, rubéole, na kwamba humgusa mama kidogo tu ila humwumiza aliye tumboni.

Msimwonee Kétsia huruma, hataipokea. Alikuwa mtundu wa kupigiwa mfano. Fuso lilipokuwa bado kilima cha pili, kabla wenye masikio hawajasikia kitu, yeye alikuwa ameshavua viatu, akasimama kwenye sakafu ya mbao, akalisikia kwa nyayo, na kutoka mbio. Léontine alimpenda kuliko alivyoweza kueleza, na fundo lilikuwa hapohapo. Utasemaje, "Nataka nijue kwanza kama kilichompata Kétsia hakitampata wangu," bila Mamie kusikia, "Sitaki mtoto kama wako"? Alijaribu sentensi hiyo peke yake mbele ya sufuria mara nyingi, na kila mara ilitoka na miiba. Kwa hiyo alinyamaza, akaogopa, na mwezi mwingine ukapita. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hawa walikuwa wakitimiza methali neno kwa neno.

Aliyechoka wa kwanza ni Élisabeth, yule muuguzi wa shanga. Alikuwa mwanamke mnene wa maneno makavu, na siku Léontine alipokuja kuomba ushauri kwa mara ya tano, alisukuma daftari pembeni.

"Utaogopa mpaka lini? Tupime. Mu utoto ulichanjwa nini?"

"Mama anasema nilichanjwa."

"Nini?"

"Sindano."

"Sindano ya nini?"

"Ya mukono," alisema Léontine, na kusikia mwenyewe alivyosema, yeye anayefukuza wateja kwa jibini isiyo na tarehe, aliona haya mpaka shingoni.

Élisabeth hakumcheka, au alimcheka kidogo. "Hata karatasi yako ingepatikana, chanjo ya rubéole haikukuwa mu ile ya watoto ya huku. Lakini bantu wengi baliupata ule ugonjwa mu utoto bila kujua. Ukisha kuupata mara moja, mwili unakumbuka."

"Nilikuwa na vipele mu camp ya wakimbizi, nakumbuka."

"Vipele iko ya kila namna. Mi siandike vipele mu kitabu. Damu njo inasema."

Alimweleza. Damu kidogo ipelekwe kwenye maabara Goma, ifike kabla ya kesho yake jioni, isikae juani, isitikiswe sana. Wakiona kinga, azae hata mapacha. Wasipoiona, kuna chanjo, ila hiyo haipewi mwenye mimba. Lazima itangulie, na baada yake mwezi mzima wa kungoja. Kwa pepopunda hakukuwa na haja ya kupima, akasema. Karatasi haipo, tunaanza upya, na kabla Léontine hajauliza upya ni lini, sindano ilikuwa imeshaingia. Hiyo ilikuwa tarehe yake ya kwanza. Aliisoma kwenye karatasi mpya njia nzima ya kurudi.

Kwenda Goma mwenyewe hakuweza. Wafugaji sita walileta maziwa kila asubuhi, na ng'ombe haambiwi asubiri. Tena angeonekana barabarani tu, Mama Marie angekuwa na habari kabla ya mchana. Ilibaki kuituma damu na Omer. Tatizo lilikuwa barrière.

Barrière ile ilikuwa kamba kati ya miti miwili kwenye kona, kijiji kikiisha, na vijana watano wenye bunduki chini ya turubai. Kila mzigo uliacha kitu hapo: makaa, kuku, jibini moja. Chochote chenye kifuniko kilifunguliwa. Kisanduku cha baridi cha Élisabeth kiliwahi kukaa pale wiki nzima, kikarudi kikinuka bia. Kichupa cha damu mfukoni mwa Omer kingezua maswali mengi.

"Mi najua fasi ya kuiweka," alisema Léontine.

Fundi wa jibini ana bomba jembamba la chuma. Hulidunga, huzungusha, hutoa kijiti cha jibini, huonja ncha, kisha hurudisha kijiti kilekile mahali pake na kupaka siagi juu, na asiyejua hataona kitu. Asubuhi iliyofuata Élisabeth alipita nyumbani, akatoa damu, akakata kidole kimoja cha glavu na kukivisha kile kichupa. Léontine alichagua jibini ya miezi miwili, nene, ya maziwa ya mfugaji anayemwamini. Akaidunga. Kichupa kikaingia ndani ya ubaridi ule kama mtoto kitandani. Kijiti kifupi juu, siagi, kidole gumba kikapita juu. Alifurahi na kazi yake kiasi kwamba alitaka kuionyesha kwa mtu, na hapo ndipo alipokosea. Ili Omer asiichanganye na zile thelathini nyingine, alichukua kisu akachora nyota juu yake, nyota safi ya pembe tano.

Fuso lilifika likiwa na haraka, watu na mizigo juu. Jibini zilipakiwa kati ya majani ya migomba.

"Ni yenye nyota!" alimpigia kelele Omer, aliyekuwa ameshakaa juu ya magunia.

Omer alifungua mdomo, uso umebadilika, lakini dereva alikuwa ameshatia gia.

Alichotaka kusema Omer, na ambacho Léontine hakukijua kwa sababu hakuwahi kushuka na mzigo kupita kona ile, ni kwamba wafanyabiashara wa jibini huchora alama kwenye zile zilizo bora kabisa, za kupelekwa hotelini. Na vijana wa barrière walikuwa wamejifunza zamani. Hawakusumbuka kuonja. Walitafuta alama.

Yaliyotokea pale Omer alimsimulia mkewe mara nyingi baadaye, na kila mara yule waliyemwita Komanda alizidi kurefuka. Komanda alipanda juu ya mzigo, akafunua majani, akatabasamu. Alichukua jibini yenye nyota akaiweka kwapani.

"Komanda," alisema Omer, "chukua ingine. Chukua mbili."

"Juu ya nini? Hii njo yenyewe."

"Hapana ile, tafadhali. Chukua tatu."

Hapo Komanda alijua ameshika dhahabu. Akatoa kisu chake. Omer, ambaye si mtu wa kusema uongo hata pale uongo ungemsaidia, alijishika kichwa akasema ukweli wote kwa pumzi moja.

"Usikate! Mule ndani iko damu ya bibi yangu!"

Komanda aliangalia jibini. Akaona kile kiduara kidogo kilichopakwa siagi, akakigusa kwa ncha ya kisu, kijiti kikatoka, na ndani ya shimo, ndani ya kidole kilichokatwa, ikaonekana damu. Kidole kilikuwa cha glavu, lakini nani alikuwa na muda wa kuuliza.

"Ni ya laboratoire," Omer alieleza, "ya kupima, ni Mama Élisabeth wa centre..."

Hakuna aliyemsikiliza. Kijana mmoja alikuwa ameshafika kwenye migomba. Mwingine aliuliza kwa sauti ndogo, "Na zile tulikulaka?" kwani kwa miezi minane walikuwa wamekula jibini za Léontine kila wiki, na sasa kila mmoja alilisikiliza tumbo lake. Komanda aliirudisha jibini kwa mikono miwili, kama padri anavyorudisha kikombe, na kukata kamba yake mwenyewe ili gari lipite upesi. Tangu siku hiyo mzigo wa Omer haukupungua hata kipande kwenye kona ile.

Damu ilifika Goma kabla ya saa tisa, baridi na salama. Lakini habari ilipanda upande wa pili, na habari za namna hiyo hazisimami kwenye barrière. Kesho yake mchana Kitshanga nzima ilijua kwamba bibi ya Omer anatia damu mu fromage, yaani jibini, ili kumfunga mume asimwache kwa sababu hazai.

Pikipiki mbili zilisimama mbele ya nyumba. Kwenye ya kwanza alikuwa Mama Marie, amevaa kitenge cha misa siku ya Jumatano, ishara mbaya. Kwenye ya pili Mamie na Kétsia. Léontine aliwaona kwa dirisha na moyo ukamshuka hadi ndani ya buti. Lakini maziwa yalikuwa yamekwisha kuganda sufuriani, na maziwa yaliyoganda yakipita wakati wake bila kukatwa, lita arobaini zinakwenda kwa nguruwe. Kwa hiyo mashtaka makubwa kuliko yote ya maisha yake aliyapokea amewapa watu mgongo, kisu kirefu mkononi, akikata mistari.

"Mukamwana, geuka."

"Mama, unisamehe, siwezi kugeuka. Nikiacha, inaharibika."

"Bantu banasema unatia damu mu fromage."

"Ni kweli, Mama."

Mama Marie alijishika ukutani. Alikuja tayari kwa "hapana" na akiwa na majibu ya "hapana" kumi na mawili, lakini hakuwa na hata moja la "ni kweli."

"Mu moja tu," alisema Léontine. "Yangu. Ilienda Goma kwa kupimwa."

Na kwa kuwa alikuwa hawaoni nyuso, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, ile sentensi yenye miiba hatimaye ilitoka. Alisema yote. Kwamba wao wawili ndio waliochagua kusubiri. Kwamba karatasi yake iliungua na hajui mwili wake unajua nini. Kwamba anaogopa vipele vya siku tatu. Alipofika kwenye jina la Kétsia kisu kikakata mstari mbaya kabisa, uliopinda. "Dada Mamie, si kusema simutaki mutoto kama wako. Ningekuwa na Kétsia kumi ningefurahi. Ila... kama kuna kitu naweza kumulinda nacho, nisipofanya nitamwambia nini?"

Nyuma yake alisikia Mamie akivuta ndoo na kukaa.

"Kwa hii njo ulinificha mwaka muzima?" alisema Mamie. "Dada. Siku Kétsia alizaliwa, unajua nilisema nini kwa Mungu? Nilisema, kwa nini hakuna hata muntu moja aliniambia? Moja tu, anikamate mukono, anipime damu mbele." Akamvuta Kétsia kwake. "Mi sikose kitu kwa huyu mutoto. Lakini miaka tano naita jina lake na hajalisikia. Ungeniambia juu ya kile kichupa, ningekibeba mu kifua changu kwa miguu mpaka Goma."

Léontine aliweka kisu chini na kugeuka. Maziwa na yaharibike. Walikumbatiana wakilia, na Kétsia, aliyeona watu wazima wamepatwa na mambo yao, alichukua nafasi ya kuchovya mkono mzima kwenye sufuria na kula.

Mama Marie ndiye aliyekuwa bado amesimama, kitenge cha misa kikigusa sakafu yenye maji.

"Na ile damu," aliuliza polepole, "ilifika?"

Ilifika, na jibu likaja baada ya siku nane. Élisabeth aliisoma karatasi mara mbili, kisha akasema kama anavyosema kila kitu, bila kuficha: kinga hakuna. Vile vipele vya camp vilikuwa vipele vingine. Kwa miezi kumi na minne yote ile, kama wangefuata hesabu ya Mama Marie badala ya ile ya shanga, mimba ingekaa kama nyumba isiyo na mlango.

Léontine alilia kidogo, kisha alijishangaa kuwa amepumua. Hofu ya kitu usichokijua haina mpini. Hii ilikuwa na mpini. Mamie alikuwa ameshafunga mzigo. Zahanati moja ya Goma ilikubali kuiagiza ile chanjo, na Mamie alisema hakuna jibini itakayobeba kitu safari hii, atampeleka mwenyewe kwa mkono, siku tatu kwenda na kurudi.

"Na maziwa?" aliuliza Léontine.

"Mi nabaki," alisema Mama Marie.

Mzee Léonard aliletwa akae kwenye kiti na kuelekeza kwa fimbo. Mama Marie alivua saa na bangili, akavaa buti za Léontine zilizomzidi, na kwa siku tatu mtu ambaye hajawahi kuamriwa tangu ubatizo wake aliamriwa na mzee anayetetemeka. "Haiko hivyo! Polepole! Unaua maziwa!" Walioishi karibu walileta viti. Jibini ya siku ya pili, ile siku hasa ambayo Léontine alichomwa sindano Goma, ilitoka imeinama upande kama mlevi aliyeegemea ukuta. Mama Marie alikataa kuivunja. Alichukua kisu akachora ubavuni tarehe, kwa herufi kubwa za dukani.

Léontine aliporudi, Mama Marie hakuondoka.

"Munganga alisema mwezi muzima?"

"Ndiyo, Mama. Tuko na zile shanga..."

"Shanga haiko na macho," alisema Mama Marie, na kutandika mkeka wake katikati kabisa ya mlango wa chumba cha wanandoa.

Mwezi huo Kirolirwe ilicheka kuliko mwaka mzima wa kabla. Mwanamke aliyedai mjukuu kwa miezi kumi na minne sasa alikohoa Omer alipomsogelea mkewe kumpa chumvi. Asubuhi aliigeuza jibini yake iliyoinama, akaisugua kwa maji ya chumvi, akasoma tarehe kwa sauti ili Omer asikie. Na siku za soko alipanda Kitshanga, akaketi mbele ya duka lake na jibini ya Léontine pajani, akakata vipande vinene na kula mbele za watu, akimwangalia kila aliyewahi kusema neno damu. Kabla ya mwisho wa mwezi wateja wote walikuwa wamerudi, na wawili waliuliza kama ile yenye nyota bado inauzwa.

Siku ya thelathini na moja aliwaita mezani. Jibini yake ilikuwa mbele, imeinama, rangi ya dhahabu. Aliikata mwenyewe, akampa Omer, akampa Léontine, akaonja. Ilikuwa nzuri, na yeye ndiye aliyeshangaa zaidi.

"Mwaka muzima nilikuuliza mutoto kama muntu anauliza deni," alimwambia Léontine. "Siulizi tena. Akuye siku atakuya. Mulango iko wazi." Kisha akakunja mkeka, akapanda pikipiki, na hakugeuka nyuma, maana alikuwa akicheka na hakutaka waone.

Mtoto hakujifanya wa haraka. Alikuja mwaka uliofuata, mvua za Aprili, mikononi mwa Élisabeth, na wakamwita Shekinah. Karatasi yake ya kliniki ilikuwa na tarehe ya kwanza kabla kitovu hakijakauka, na Léontine, asiyeamini magodoro, aliichora pia kwenye ubao wa jibini.

Alipotimiza wiki mbili, Mamie alikuja na Kétsia. Alimtazama mtoto muda mrefu. Kisha akamwuliza Léontine, "Unaniruhusu?" na Léontine alielewa, akaitikia. Mamie alisimama nyuma ya kichwa cha mtoto, mahali asipoonekana, akapiga makofi mara moja.

Shekinah alirusha mikono yote miwili juu na kulia kwa hasira kubwa.

Mamie alicheka huku machozi yakimdondoka kidevuni. Kétsia alimwangalia mama yake, akamwangalia mtoto, akaja akapiga makofi na yeye. Mikono midogo ikaruka tena. Kétsia akafurahi kama aliyegundua mchezo huo, akarudia mara tatu, mpaka Léontine akamshika mikono akicheka.

Ghafla Kétsia akatulia. Alitazama chini, kwenye nyayo zake. Wengine hawakusikia kitu bado. Alikwenda, akamtoa Shekinah mapajani mwa mama yake kwa uangalifu mkubwa, akakaa naye kwenye sakafu ya mbao, akashika vile viguu viwili na kuvikandamiza taratibu juu ya ubao, ili mdogo wake naye ajue. Baadaye kidogo Fuso lilisikika likimaliza kilima cha pili, na Omer juu yake.